Simba Mwenye Nyusi

Ludewa Mjini,
Mkoa wa Njombe.
Juni 2025

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na flashi uliyomkabidhi kondakta wa basi nayo imefika salama. Sisi huku ni wazima. Baridi ya mwaka huu imeingia kwa nguvu. Asubuhi ukungu hauondoki mpaka saa nne, na bibi yako habanduki jikoni penye moto. Mahindi yamekauka, tunavuna kidogo kidogo kila jua linapotoka.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Umeniandikia kwamba pale chuoni mmeonyeshwa The Lion King ya mwaka 2019, mkaambiwa hapo ndipo sanaa ya katuni ilipofikia, na kwamba kuchora kwa mkono kumepitwa na wakati. Ukaongeza kuwa madaftari yako ya michoro umeyafungia kwenye begi, na ukaniomba niitazame filamu hiyo upya nikwambie naionaje sasa.

Nimeitazama. Kwanza na watoto wa hapa nyumbani, kisha peke yangu usiku watu wakiwa wamelala, halafu nikafungua ile katuni ya 1994 uliyoiweka kwenye flashi hiyo hiyo. Jibu langu nakupa mapema usije ukalitafuta chini kabisa ya barua: yatoe hayo madaftari kwenye begi.

Sasa nikueleze kwa nini, na nianze kwa kuitendea haki filamu yenyewe. Jon Favreau aliyeiongoza ni fundi, na waliofanya kazi chini yake ni mafundi. Nyasi zikipigwa na upepo unaona zinavyolala na kuinuka. Vumbi likitimka linakaa hewani muda ule ule ambao vumbi la kweli lingekaa. Kuna kipande nimekirudia mara kadhaa. Simba yuko uhamishoni. Kishungi cha manyoya yake kinachukuliwa na upepo na maji, ndege anakiokota, kinaangukia kwenye majani, twiga anakila, kinatoka na mavi, mdudu anayaviringisha yale mavi, siafu wanakibeba, mpaka kinamfikia nyani mzee Rafiki mtini kwake naye anajua kwamba mtoto wa mfalme yu hai. Hakuna neno linalosemwa pale. Kwangu mimi hicho ndicho kipande bora kuliko vyote katika filamu nzima, na ukikitazama vizuri utagundua kwamba ndicho kipande ambacho hakuna uso wa mnyama unaotakiwa kutuambia jambo.

Watu huiita filamu ya wanyama hai ili kuitofautisha na katuni. Si hivyo. Favreau mwenyewe alieleza, filamu ilipokwisha kutoka, kwamba ina picha 1,490 zilizotengenezwa na wachoraji wa kompyuta, na kwamba alipenyeza picha moja tu iliyopigwa kwa kamera huku Afrika: ile ya kwanza kabisa, jua linapochomoza. Baada ya jua lile, kila unyoya, kila jani na kila tone la maji limetengenezwa na watu wa kampuni ya MPC. Mwongozaji na mpiga picha wake walikuwa ukumbini kule Los Angeles, wamevaa miwani ya kompyuta inayowafanya waone kama wamesimama mbugani. Kwa hiyo nayo ni katuni, mwanangu. Ni katuni iliyokatazwa kuonekana katuni, na matatizo yake yote yanaanzia kwenye katazo hilo.

Wewe hukuikuta Ludewa ya utoto wangu, kwa hiyo nikusimulie kidogo. Katuni ya 1994 niliiona nikiwa shule ya msingi, kwenye ukumbi wa parokia. Umeme wa gridi haukuwepo wilayani. Palikuwa na jenereta nyuma ya jengo, runinga moja iliyopandishwa juu ya meza mbili, na kanda ya VHS iliyoletwa na mgeni mmoja wa kujitolea. Tulijaa mpaka madirishani. Kiingereza chetu kilikuwa cha kumsalimia mwalimu na kuomba ruhusa ya kwenda nje. Hapakuwa na mtu wa kutufasiria. Na tulielewa kila kitu. Tulijua yule baba mdogo mwenye kovu ana kijicho kabla hajamaliza kutembea hatua tatu. Tulijua baba anamkemea mwanawe huku moyoni amekwisha kumsamehe. Baba alipoanguka kutoka kwenye ule mwamba, wavulana wa darasa la saba waliokuja kujifanya wakubwa walilia mbele yetu.

Baadaye, nilipokwenda Dar es Salaam, nilikutana na kanda za Lufufu, aliyekuwa akizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, sauti yake ikipanda juu ya sauti ya filamu. Wakenya nao wakawa na DJ Afro wao. Ni kazi nzuri, na vibanda umiza vya nchi hii vimeishi kwa kazi hiyo miaka mingi. Filamu nyingi bila msimulizi zingetupita pembeni. Lakini Simba wa 1994 alitufikia Ludewa bila msimulizi yeyote. Alikuja na uso wake tu.

Wiki iliyopita niliwakalisha wadogo zako mbele ya filamu ya 2019. Nao Kiingereza chao hakijatosha kufuata filamu. Tulipofika pale baba amekufa bondeni na mtoto anajipenyeza chini ya mkono wake, binti yangu mdogo akanigeukia: “Mama, huyo mtoto anacheza au anasinzia?” Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa ananiuliza kwa sababu uso wa yule simba mtoto ulikuwa ule ule aliouona dakika chache nyuma akiota jua. Ikabidi nisimamishe filamu nimweleze kwamba baba wa yule simba mtoto amekufa. Siku ya pili nikawawekea ya zamani. Sikutafsiri neno. Tulipofika pale pale, yule binti alinishika kitenge akakivuta mpaka usoni, na mkubwa wake akatoka nje akidai anakwenda kunywa maji.

Nataka ulifikirie jambo hilo kama mchoraji. Sauti ya Mufasa, yule baba, katika filamu zote mbili ni ya mtu mmoja, James Earl Jones, yule mzee wa Marekani aliyefariki Septemba 2024. Hadithi ni moja. Bonde ni lile, kundi la nyumbu ni lile, anguko ni lile. Hans Zimmer aliyetunga muziki wa 1994 na kupata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo ndiye aliyerudi kuufanyia kazi wa 2019. Kilichobadilika ni uso. Na uso ulipobadilika, mtoto wa Ludewa ambaye hana Kiingereza amefungiwa nje ya hadithi ambayo mama yake aliingia bila hodi.

Rudi uitazame ile ya zamani, utazame nyusi. Simba wa porini hana nyusi za kupandisha na kushusha. Hasira yake iko masikioni, mkiani na menoni. Huzuni yake, kama anayo, haioni mtu. Wachoraji wa 1994 walilijua hilo vizuri. Baadhi yao walisafiri mpaka Kenya, wakatembea Hell's Gate wakichora miamba na mwanga wa asubuhi. Simba hai waliletwa studio wachoraji wakae nao karibu, wajifunze bega linavyozunguka mnyama anapopiga hatua na uzito unavyohamia mguu wa mbele. Walimsoma simba mpaka wakamjua, ndipo wakachagua wapi wafuatane naye na wapi waachane naye. Mwilini wakafuatana naye. Usoni wakaachana naye, wakampa nyusi.

Mtazame Scar, yule baba mdogo. Aliyesimamia michoro yake ni Andreas Deja. Alimkondesha, akampa singa nyeusi, akampa macho ya kijani na kope nzito, kidevu kirefu, na unyusi mmoja unaopanda huku mwingine umelala. Ukizima sauti kabisa, unyusi ule unakwambia: huyu anakucheka huku anakupigia magoti. Katika filamu ya 2019 sauti ya Scar ni ya Chiwetel Ejiofor, mwigizaji mkubwa, na ukifumba macho unakisikia kinyongo chote. Ukifumbua, unamwona simba aliyechakaa manyoya anayefungua na kufunga mdomo. Vivyo hivyo kwa fisi Shenzi. Sauti yake ni ya Florence Kasumba, dada aliyezaliwa Kampala akakulia Ujerumani, nayo ni sauti ya kutisha kweli. Uso wa fisi haujui kwamba sauti hiyo ni yake.

Kuna sehemu nyingine imeniuma zaidi. Katika ile ya 1994, baba aliyekufa anamtokea mwanawe mawinguni. Wingu linajikusanya, linakuwa singa, linakuwa paji la uso, mpaka unamwona mzima na macho yake yanamtazama mtoto. Katika ile ya 2019 ni wingu la mvua lenye radi, na ukijitahidi sana unaweza kukisia umbo la kichwa. Waliona aibu, nadhani, kumweka mfu angani ndani ya filamu inayodai kuwa ya kweli. Lakini watu wa huku wote wanajua kwamba marehemu akimjia mtu ndotoni huja na sura yake, na usipomwona sura hujui ni nani amekuja. Mtoto yule alihitaji kumwona baba yake. Wakampa wingu.

Sasa nikupe ya bibi yako, maana wewe kitabu chako cha historia hakina habari hizi. Unajua yeye si mzaliwa wa Ludewa. Aliolewa huku akitokea Ubena, upande wa Wanging'ombe, kule nchi inakoteremka kuelekea Usangu. Alikuwa mtoto mdogo miaka ile ya simba wala watu. Simba wa Njombe waliua watu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi mwaka 1947, na idadi inayotajwa ni watu wapatao 1,500. Inaelezwa kwamba serikali ya kikoloni ilikuwa imeua na kufukuza wanyama pori ili kuzuia ugonjwa wa sotoka usifike kwenye mifugo, simba wakakosa mawindo, wakageukia watu. Bwana nyama wa Kiingereza, George Rushby, ndiye aliyekuja kuwawinda, akaua 15. Wenyeji wengi waliamini simba wale wametumwa na mganga, na kwa muda mrefu watu waliogopa hata kutaja jina la mnyama yule. Bibi yako anakumbuka mlango uliozuiwa kwa magogo kabla jua halijazama, na kwamba mtoto aliyelia usiku alifunikwa mdomo.

Alikuwa amekaa nasi siku ile ya filamu ya 2019. Simba dume alipojaa kwenye runinga, akigeuza kichwa taratibu kama wanavyogeuza, bibi yako alisema kwa sauti ya kawaida kabisa: “Huyo ni mla watu. Izimeni.” Sikuizima mara moja, nikamwambia ni filamu ya watoto. Akajibu kwamba yeye anamjua, na akaondoka. Siku ya katuni alirudi, akakaa mpaka mwisho. Alimcheka ngiri. Alimhurumia Mufasa, akasema, “Baba mwema huyo, mtoto hakumsikiliza.” Alizungumza habari zake kama anavyozungumza habari za jirani.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Filamu ya 2019 ilifanikiwa kumleta simba wa kweli sebuleni kwetu, na bibi yako akampa heshima anayostahili simba wa kweli: akamkimbia. Simba wa kuchorwa hakumtaka aamini kwamba ni simba wa kweli. Alikuja kama anavyokuja mnyama wa hadithi za jioni, mtu aliyevaa ngozi ya mnyama, na kila msikilizaji anajua ni mtu. Sungura wa hadithi zetu hakuwahi kuwa sungura. Fisi hakuwahi kuwa fisi. Ukimfanya fisi awe fisi mtupu, halafu ukamtaka aongee, umeharibu pande mbili: fisi hatuogofyi na mtu hatumwoni.

Utaniambia filamu ile iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani kote, kuliko ile ya kuchorwa. Ni kweli. Lakini jiulize watu wale waliingia ukumbini kumtafuta nani. Walikwenda na watoto wao kumtafuta Simba waliyempenda wakiwa wadogo, na huyo alichorwa kwa penseli. Fedha za 2019 zilipandwa mwaka 1994. Na mwaka jana wametoa nyingine, Mufasa, ya Barry Jenkins. Huko nyuso zimeanza kupewa uhai kidogo, na mimi naona ni kama wanarudi walikotoka bila kutangaza.

Usinielewe kwamba kompyuta ni adui. Wewe umeenda kujifunza kompyuta na mimi ndiye niliyemsihi baba yako alipe ada. Hata ile katuni ya 1994 rangi zake zilipakwa kwa kompyuta, na lile kundi la nyumbu wanaoporomoka bondeni, kipande cha dakika mbili na nusu hivi, lilitengenezwa kwa programu ya kompyuta, kazi iliyowachukua zaidi ya miaka miwili kuikamilisha. Hapa nyumbani wadogo zako wanatazama Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam kwa kompyuta na inaonyeshwa tangu 2014. Ngedere wa Ubongo ukimwonyesha mtafiti wa nyani atakataa kumpokea, lakini watoto wa huku Mlangali na Manda wanajua lini amechukia na lini amedanganya. Kompyuta imetumika, na mkono wa mchoraji umeachwa useme.

Na usidhani nakurudisha kwa Wamarekani nikisifu mchoro. Tuna walimu wetu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, katika mkoa jirani na wetu, akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akachora kwenye mbao laini kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, kazi yake ya uchoraji haijafika hata miaka mitano. Chui wake ana madoadoa ambayo hakuna chui aliyezaliwa nayo, na jicho kubwa kama sahani, lakini chui yule anakutazama. Wakenya walipotengeneza katuni ya Tinga Tinga Tales mwaka 2010 pale Nairobi, kwa ajili ya watoto wa Uingereza na kwingineko, walikwenda kuchukua wanyama wa namna hiyo, hawakwenda kupiga picha mbugani.

Halafu kuna vibonzo. Baba yako na mimi tulijifunza kusoma haraka kwa sababu ya jarida la Sani, tukigombania nani aanze na Ndumilakuwili na nani aanze na Lodilofa. Kabla yetu wazee walikuwa na Chakubanga wa gazeti la Uhuru, kazi ya Christian Gregory. Na wewe mwenyewe umekua ukimwona Kipanya wa Masoud. Hesabu mistari ya yule panya: mwili mdogo, masikio mawili, macho, mkia. Nchi nzima inajua anachokifikiria kuhusu bei ya sukari hata kabla hajafungua mdomo. Mtu angekuja leo na panya halisi, mwenye kila unywele mahali pake, akamweka kwenye kona ya gazeti, msomaji angetafuta kitu cha kumpigia.

Sasa nikwambie ninachokitaka kutoka kwako, maana sikukaa usiku na kalamu kwa ajili ya kuikosoa filamu ya watu.

Bibi yako ana hadithi ya wanyama waliochimba kisima wakati wa ukame. Unaijua, umeisikia mara ngapi: sungura anakataa kuchimba, halafu usiku anakuja kuyaoga maji ya wenzake, na kila mnyama anawekwa zamu ya kulinda. Zamu ya fisi bibi yako huwa anaisimulia kwa kuinamisha shingo na kuangusha mdomo wa chini, kisha ananyamaza. Ule mdomo wa chini nautaka kwenye karatasi. Katika daftari lako la kidato cha nne kuna fisi mmoja uliyemchora pembeni ya somo la kemia, amekaa chini, tumbo limemwangukia magotini, anaangalia mfupa alioangusha. Mistari haizidi ishirini. Nimekaa na daftari hilo miaka yote hii kwa ajili ya fisi yule. Unajua kumfanya mnyama ajute. Hicho ndicho walichokosa watu wa 2019, pamoja na mashine zao zote.

Usiende kuchora Serengeti. Serengeti imechorwa. Chora ukungu unavyoshika miti hapa asubuhi, chora mianzi ya ulanzi yenye vikopo vyake, chora Lupingu, pale milima ya Livingstone inapoingia moja kwa moja ndani ya Ziwa Nyasa bila kuacha uwanda. Kisima kiwe bondeni kwetu. Simba kama lazima awepo, awepo akiwa na nyusi, na mwulize bibi yako kabla hujampa jina.

Jambo la mwisho ni la kikazi. Kila mchoro uandike jina lako na tarehe. Katika filamu hizo zote mbili kuna wimbo ule wa simba aliyelala ambao dunia nzima inauimba. Chanzo chake ni Solomon Linda, Mzulu, aliyerekodi wimbo wake Mbube kule Johannesburg mwaka 1939. Haki zake aliziuza kwa fedha ndogo mno, wimbo ukatembea dunia nzima, naye akafa maskini mwaka 1962. Familia yake ilifungua kesi mwaka 2004, ndipo shauri likamalizika kwa makubaliano mwaka 2006, miaka zaidi ya arobaini mzee akiwa kaburini. Sisi tunayo sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 na tunayo COSOTA, na wewe uko mjini ofisi zilipo. Kazi ikikamilika usiitume kwenye simu ya mtu yeyote, hata rafiki, kabla hujaisajili.

Chuoni fanya wanayokufundisha, ufaulu mitihani, uijue kompyuta kuliko wanavyotaka. Usibishane na mwalimu, mwonyeshe kazi. Lakini kila jioni, kabla ya kulala, chora kwa mkono ukurasa mmoja, uso mmoja, hali moja: wivu, njaa, aibu, majuto. Mwonyeshe mtu asiyejua hadithi, umwulize mnyama huyo ana nini. Akikosea, chora tena.

Likizo ya Desemba njoo na michoro ya kisima, walau kuanzia mkutano wa wanyama mpaka zamu ya fisi. Darasa la kuonyeshea nitaliomba mimi kwa mwalimu mkuu, na umeme siku hizi upo. Tutawaweka watoto mbele, hatutawatafsiria chochote, nao ndio watakaokwambia kama kazi imekamilika.

Bibi yako anakusalimu sana. Baba yako akipita kwako mpe salamu zangu.

Wako,
Shangazi